Watu Hawasemi Hivyo: Mazungumzo katika Tamthilia za Televisheni

Mada kwa semina ya waandishi chipukizi wa tamthilia, Nawoitorong, Lodwar

1. Utangulizi

Keti na watu wanaotazama tamthilia ya jioni hapa Lodwar au kwenye kibanda cha video Kakuma. Hutakaa sana kabla mmoja hajauliza, "Nani huongea hivyo?" Swali hilo ni la haki. Hoja yangu ni kwamba mazungumzo huharibika pale mhusika anapoacha kuongea na mwenzake na kuanza kumhutubia mtazamaji.

2. Kasoro yenyewe

Tusikilize mke akimwambia mumewe:

"Baba Ekai, unajua kwamba ndugu yako mkubwa alichukua mbuzi wetu kumi mwaka jana, akaahidi kutulipa, na mpaka leo hajatulipa!"

Mume anayajua yote hayo. Basi anaambiwa ya nini? Sasa tusikilize hivi:

"Ndugu yako alipita."
"Alisema nini?"
"Si utamuuliza."
"Alikuja na kitu?"
"Alikuja na njaa. Nikampa chai."

Deni halikutajwa, ila lipo. Mtazamaji ataisubiri siku ndugu hao watakapokutana.

Chanzo kimojawapo cha kasoro hiyo ni haraka. Tamthilia kama Maria, iliyoanza kwenye televisheni ya Citizen mwaka 2019, na Sultana ya mwaka 2022, zilirushwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi ya vipindi vitano kwa wiki humchosha mwandishi yeyote, na tena anahofia kwamba aliyekosa kipindi cha jana atapotea. Njia ya mkato ni kumpa mhusika taarifa aisome.

3. Lafudhi haitoshi

Wengine hudhani dawa ni lafudhi. Ndiyo maana Mturkana wa televisheni mara nyingi ni askari wa getini anayevuruga Kiswahili ili watu wacheke. Hilo linatuumiza, na pia ni uandishi mbovu. Mwigizaji Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang wake wa kipindi cha Vitimbi mwenye lafudhi ya Kijaluo aliaminika. Aliaminika kwa kuwa alikuwa na kiburi, njama, na mhusika mwenzake, Mama Kayai, wa kumjibu. Lafudhi bila haja ya moyoni ni kelele tu.

4. Tunachoweza kujifunza Turkana

Mwaka 1973 na 1974, David na Judith MacDougall walirekodi hapa Turkana filamu tatu za hali halisi, wakaziita kwa pamoja Turkana Conversations. Katika mojawapo, The Wedding Camels, Lorang amebanwa kati ya rafiki yake Kongu, anayetaka kumwoa Akai, binti wa Lorang, na jamaa wanaodai mahari zaidi. Wanahesabu ngamia, ng'ombe na mbuzi, na ndani ya hesabu hiyo mnasikika heshima, hofu na urafiki unaojaribiwa. Mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi?

Kakuma nako, tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992, wamekutana watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Mama Mturkana anayeuza makaa hutaja bei kwa Kiswahili, kisha humgeukia mwenzake na kushauriana kwa Kiturkana kama apunguze. Mnunuzi Mkongo anasubiri, hajui linalosemwa, ila anajua linamhusu. Onyesho hilo lina mvutano tayari. Ukiwalazimisha wote wazungumze Kiswahili cha taarifa ya habari, umeuua.

5. Mapendekezo

(a) Kabla ya kuandika onyesho, andika kila mhusika anataka nini na anaficha nini.

(b) Futa kila sentensi ambayo anayeambiwa anaijua tayari. Mtazamaji akihitaji habari hiyo, mlete mgeni asiyejua, au ionyeshe kwa tendo.

(c) Soma mswada kwa sauti pamoja na waigizaji. Ulimi ukikwama, rekebisha mstari, usimlaumu mwigizaji.

(d) Watayarishaji wanaotaka wahusika kutoka Turkana wawape Waturkana kazi ya kuandika, wasiwaite siku ya kurekodi tu ili wasahihishe salamu.

Watazamaji wetu wanajua kusoma kimya, fumbo na kejeli. Ndivyo wanavyoishi na jamaa zao kila siku. Tuwaandikie kwa heshima hiyo.