Udhaifu Wako ni Upi?

Asubuhi hii twataka kuzungumza na wale ambao juma hili wataitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Pengine shati limekwisha kupigwa pasi, vyeti vimo ndani ya bahasha, na nauli imekopwa kwa jirani. Mkiisha kuketi mbele ya meza ile ndefu, huenda mkaulizwa swali ambalo huwatoa wengi jasho: "Udhaifu wako ni upi?"

Wengi wetu tumefundishwa namna ya kulikwepa. Twasema, "Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi." Wanaohoji huandika jibu hilo, na hakuna aliyejua lolote. Nasi ndio wale wale ambao Jumapili, katika Sala ya Asubuhi, hupiga magoti na kukiri kwamba tu wakosaji. Kukiri pamoja ni rahisi, maana sauti ya jirani huifunika yetu. Jumatatu tukiulizwa peke yetu, na mshahara uko mbele, ulimi huwa mzito.

Musa naye alisema ulimi wake ni mzito. Katika Kutoka, mlango wa 4, Mungu amwita kazini, na yule mzee wa miaka 80 asema wazi kwamba yeye si msemaji. Angalieni vema: Mungu hakumkasirikia kwa neno hilo. Alimjibu kwamba yeye ndiye aliyekiumba kinywa, naye atamfundisha la kusema. Hasira ilikuja Musa alipoomba atumwe mtu mwingine. Kutaja udhaifu ni jambo moja. Kujificha nyuma yake ili tusiende ni jambo jingine. Hata katika hasira ile, Mungu alimpa Haruni amsaidie.

Na huyo Haruni alikuwa msemaji hodari. Lakini alipoulizwa juu ya ndama wa dhahabu, katika mlango wa 32, alijibu kwamba aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama! Tungalicheka, kama tusingalisikia majibu ya namna hiyo kwa masikio yetu.

Maana sisi nasi tumeketi upande wa pili wa meza. Mwaka mmoja tulikuwa katika halmashauri iliyotafuta karani wa kutunza fedha. Binti mmoja akasema, "Mimi ni mwepesi wa kusahau. Kwa hiyo sipokei shilingi bila kuandika risiti pale pale, na kila jioni nahesabu fedha kabla sijafunga mlango." Kijana aliyemfuata akasema hana udhaifu, ila anapenda kazi mno. Tulimwandika kijana. Tulisema yule binti amejishtaki mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa vitabu vya hesabu havikulingana, na kijana alikuwa na maneno mengi ya kutueleza. Yule binti hatukumtafuta tumwombe radhi. Hata leo hatujui alikokwenda.

Basi, ndugu, hatuwezi kukuahidi kwamba ukisema kweli utapata kazi. Mahali pengine utakosa, na watu kama sisi ndio watakaokunyima. Wala hatukuambii umwage moyo wote. Meza ile si mahali pa kuungama, na mambo ya nyumbani kwako hayawahusu. Chagua udhaifu mmoja wa kweli unaogusa kazi ile. Useme kwa maneno machache, kisha ueleze unachofanya kila siku ili usiwadhuru wengine. Kama hujaanza kufanya lolote, ungali na siku chache kabla ya kuitwa. Nanyi mnaouliza swali hilo, mkijibiwa kweli, ulizeni la pili: "Nawe wafanyaje?" Sisi hatukuwa na haja hata ya kuliuliza, maana binti alikuwa amekwisha kutujibu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekiumba kinywa, uwe pamoja nao watakaoitwa juma hili, na wale watakaowahoji. Umkumbuke yule binti, popote alipo. Amina.