Ufunguo wa Uwanja: Watoto na Maeneo ya Pamoja katika Makazi Mapya



Nawaomba twende kwanza Lambeth, kusini mwa London, mwezi Machi 2019. Mahali palipokuwa na shule yenye jina la Lilian Baylis palikuwa pamejengwa makazi mapya. Nyumba nyingine ziliuzwa kwa bei ya soko. Nyingine, kama mamlaka za miji ya Uingereza zinavyodai siku hizi, zilitengwa kwa ajili ya wapangaji wa kipato cha chini. Gazeti la The Guardian likaandika kwamba watoto wa wapangaji hao hawana njia ya kufika kwenye viwanja vya michezo vya makazi yao wenyewe. Katikati ulikuwa umepandwa ua wa mimea, ukashonana. Ramani ya awali ilikuwa imeonyesha njia za kupita. Watoto wa upande wa pili waliachiwa kipande chembamba cha ardhi, kinachowafaa wadogo wa miaka mitatu au minne, na kupitia dirishani waliwaona wanafunzi wenzao wakikimbia kwenye nyasi.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu halina ujambazi ndani yake. Hakuna aliyenyang'anya kiwanja cha wazi usiku, hakuna ofisa aliyekula rushwa ili uwanja ugeuke duka. Uwanja ulikuwepo, mzuri, umejengwa kwa fedha nyingi. Kibali kilitolewa kihalali. Mabadiliko ya ramani yalipita ofisini kama mabadiliko mengi madogo yanavyopita. Na wakazi wenyewe hawakuutaka utengano huo: wazazi wa pande zote mbili, walionunua na waliopanga, waliulalamikia. Habari ilipotoka, waziri wa makazi wa wakati huo, James Brokenshire, akakemea. Meya wa London, Sadiq Khan, naye akakemea. Na haukupita muda mrefu mwendelezaji akakubali kuufungua uwanja kwa watoto wote. Kumbe iliwezekana. Hakikuhitajika kiwanja kingine wala bajeti nyingine, ila mtu mwenye mamlaka kusema watoto wapite.

Mwaka 2021 Mpango Kabambe wa London ukaingiza fundisho hilo katika sera zake. Sera yake kuhusu michezo ya watoto inataka kila mradi wa makazi utakaotumiwa na watoto uwe na angalau mita 10 za mraba za eneo la kuchezea kwa kila mtoto. Inakataza eneo hilo kugawanywa kwa kigezo cha nani amenunua na nani amepanga. Tena inataka watoto waweze kulifikia kwa usalama kutoka barabarani wao wenyewe, bila kusindikizwa. Wataalamu wengi hulipenda sharti la kwanza kwa sababu lina namba, na namba huingia vizuri kwenye jedwali. Mimi nalipenda la mwisho. Linamtambua mtoto kama mtu anayetembea, mwenye safari zake mwenyewe, hata kama safari hiyo ni ya kutoka mlangoni hadi chini ya mwembe.

Hoja yangu ya jioni hii ndiyo hiyo. Katika kanda yetu tunapozungumzia watoto na makazi tunazungumzia ukubwa wa uwanja na idadi ya bembea. Tunapaswa kuuliza nani anashika ufunguo, na alipewa na nani.

Ufunguo wenyewe kwa kawaida hukaa ndani ya ada ya huduma. Makazi mapya ya ghorofa yana gharama za kila mwezi: mlinzi wa getini, lifti, pampu ya maji, taa za ngazi, mtunza bustani, uzoaji taka. Anayechangia zaidi huona ana haki zaidi. Mahali wanapokaa pamoja wanunuzi na wapangaji wa nyumba za bei nafuu, wapangaji mara nyingi hutozwa ada ndogo, kwa nia njema kabisa, ili wasishindwe na maisha. Kisha ada hiyo ndogo inageuzwa sababu: hamlipii bustani, basi msiingie bustanini. Kwenye makaratasi ya uhasibu hoja hiyo imenyooka. Kasoro yake ni kwamba mtoto wa miaka saba hana mkataba wa pango, hana risiti, wala hajui kama baba yake alisaini kama mnunuzi au mpangaji. Anaadhibiwa kwa karatasi isiyokuwa yake.

Sheria zetu hazijalifikiria jambo hili vya kutosha. Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo na kushirikiana na wenzake katika kumiliki ngazi, paa, uwanja na maegesho. Kenya wana yao ya mwaka 2020. Zote mbili zimeleta nafuu kubwa; kabla yake, mtu alinunua fleti bila kujua hasa amenunua nini. Lakini zote zimejengwa juu ya mmiliki. Mwenye hati ndiye mjumbe, ndiye mpiga kura, ndiye anayepitisha kanuni za eneo la pamoja. Mpangaji anasubiri kuambiwa, na mtoto hata kusubiri hajui kwamba anasubiri. Ndiyo maana kibao cha kukataza mpira huweza kusimama asubuhi moja kwa uamuzi wa watu wanane kikaoni, ambao watoto wao wameshamaliza chuo. Ninalisema hili nikijua kwamba baadhi ya wajumbe wa vikao hivyo wamo ukumbini humu, na wengine ni jirani zangu.

Tuutazame mchezo wenyewe kwa karibu, kwa sababu wasanifu tunauchora bila kuuangalia. Mdako unahitaji shimo dogo ardhini na vijiwe. Ukitandaza matofali ya saruji kuanzia getini hadi ukutani, kama tunavyopenda kufanya siku hizi ili kuzuia tope, umeufuta mdako. Gololi hivyo hivyo. Rede inataka mchanga: mchezaji wa katikati anajaza chupa huku wenzake wawili wakimrushia mpira, naye anakwepa, anarudi, anachota tena gao moja. Bila mchanga hakuna cha kujaza. Kombolela ndiyo yenye madai mengi kuliko yote. Inataka kona, nyuma ya tangi la maji, chini ya ngazi, kati ya magari mawili, mahali ambapo mtu anaweza kujibana asionekane na bado aweze kukimbia kwenda kuwakomboa wenzake. Hizo ndizo sehemu ambazo mshauri wa ulinzi huagiza zizibwe kwanza. Tunabakiza eneo tambarare linaloonekana kote kwa kamera, tunaweka bembea mbili za plastiki, halafu tunashangaa watoto wote wamehamia kwenye ngazi na kupanda na kushuka na lifti.

Wapo waliowahi kufanya kinyume chake kwa bei rahisi. Mjini Amsterdam, kuanzia mwaka 1947, msanifu kijana Aldo van Eyck, akiwa mwajiriwa wa idara ya kazi za umma ya mji, alibuni viwanja vidogo vya watoto kwenye viwanja vitupu na kona za mitaa. Kwa takriban miaka thelathini vilifikia zaidi ya 700. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida mno: shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, vyuma vya kupandia, mawe ya duara ya kurukia. Wakazi waliandika barua kwa mamlaka wakiomba chao. Zaidi ya hapo, viwanja vingi havikuwekewa uzio wowote. Viliungana na njia ya miguu, mzee alikaa ukingoni, mtoto aliingia na kutoka. Hakuna aliyekuwa na ufunguo kwa sababu hapakuwa na kufuli.

Nasikia tayari swali la usalama, na si swali la kupuuzwa. Magari ni mengi, madereva wa bodaboda wana haraka, na mzazi aliyesikia habari ya mtoto kupotea haombi takwimu, anaomba geti. Mimi pia nataka uzio upande wa barabara kuu. Ila tutenganishe uzio unaomzuia mtoto asikimbilie kwenye magari na uzio unaomzuia asicheze na mtoto wa jirani. Viwili hivi huuzwa kwa jina moja. Mwandishi Jane Jacobs aliandika mwaka 1961, akiitazama Marekani, kwamba kinachowalinda watoto mtaani ni macho ya watu wazima walio na shughuli zao hapo hapo, kuliko bustani iliyotengwa mbali na watu. Uswahilini tulikuwa tunalijua hilo bila kitabu: nyumba ya vyumba sita, baraza mbele, bibi anauza maandazi, fundi cherehani yuko kibarazani, na mtoto akivuka mipaka anaitwa na mtu ambaye hata si mzazi wake. Kwenye makazi mapya tumewaondoa watu hao wote chini, kisha tukaajiri mlinzi mmoja awe macho ya wote. Naye kazi aliyopewa ni kutazama magari.

Chukueni Magomeni Kota, jijini Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani za chini, nyumba zikavunjwa, na makazi mapya ya ghorofa yenye nyumba 644 yakazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022, takriban muongo mmoja baadaye. Serikali inastahili pongezi kwa kuwarudisha wakazi wale wale, jambo ambalo miji mingi duniani huahidi na kutolitimiza. Lakini hesabuni umri. Mtoto aliyeondoka akiwa na miaka sita alirudi akiwa na ndevu zinaanza. Utoto hausubiri mkandarasi. Ndiyo maana katika miradi ya awamu nyingi napinga utaratibu wa kuacha uwanja wa watoto uwe kitu cha mwisho kukamilika, baada ya maegesho, baada ya maduka, fedha zikibaki.

Huko Nairobi mambo yana sura nyingine. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikipangwa kuzunguka nyua za pamoja. Mageti mengi yaliyopo leo hayakuwa kwenye michoro; wakazi waliyaongeza wenyewe uhalifu ulipozidi, na siwezi kuwalaumu. Linalonishughulisha zaidi ni linalokuja. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Kenya ya mwaka 2024 inawagawa walengwa kwa kipato cha mwezi: walio chini ya shilingi 20,000, walio kati ya 20,000 na 149,000, na walio juu ya hapo. Mgawanyo huo una maana yake katika ugharamiaji. Ila madaraja hayo yakijengwa kwenye kiwanja kimoja, swali la Lambeth litabisha hodi Nairobi, na itakuwa rahisi zaidi kulijibu kabla ya wakazi kuhamia.

Kuna kundi ambalo hata wapenzi wa watoto hulisahau: wenye miaka kumi hadi kumi na tano. Bembea hazimtoshi msichana wa miaka kumi na tatu, na kiwanja cha mpira kikiwepo hushikwa na wavulana kuanzia saa tisa hadi giza. Akikaa na wenzake kwenye ngazi wanaambiwa wanazurura. Anachohitaji ni kitu kidogo sana kwa bei: benchi mbili zinazotazamana, kivuli, na taa inayowaka. Sijaiona ramani ya mradi hata mmoja, kati ya zile nilizopewa nizipitie, iliyoweka benchi zinazotazamana. Zote zinatazama bustani, kana kwamba wakazi ni watalii.

Sasa, mamlaka zifanye nini? Kanuni zetu za mipango miji zina viwango vya viwanja vya michezo, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi zetu zimeuridhia, unataja mchezo katika ibara ya 31. Kwa hiyo hatuhitaji tamko jingine. Nataka sharti la matumizi liandikwe ndani ya kibali cha ujenzi: kwamba eneo la watoto lililoonyeshwa ni la watoto wote wa mradi, bila kujali hati wala pango, na kwamba njia ya kulifikia ni sehemu ya eneo hilo. Sharti hilo lisajiliwe pamoja na hati, ili mwendelezaji asiweze kulibadilisha kwa barua, wala kikao cha wamiliki kwa kura. Ada ya matunzo ya eneo hilo igawanywe kwa nyumba zote tangu mwanzo, na pale ambapo mpangaji hawezi kuimudu, fidia itoke kwenye bei ya nyumba za soko, si kwenye haki ya mtoto wake.

Kisha pafanyike ukaguzi wa pili, mwaka mmoja baada ya wakazi kuhamia. Ukaguzi tulionao unafanyika jengo likiwa tupu, rangi ikinuka, na kwa kawaida asubuhi. Wakati huo mageti yote yapo wazi na nyasi zote ni za kijani. Ofisa aje siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, shule zikiwa zimefungwa na jua limepoa. Aje na ramani iliyopitishwa mkononi, aanzie mlango wa nyumba ya bei ndogo kuliko zote, na atembee hadi uwanjani bila kumuomba mlinzi amfungulie.