Tunahesabuje Tembo?

(Hotuba fupi iliyosomwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Upanga)



Nimeombwa nieleze jinsi tembo wa porini wanavyohesabiwa. Nitaanzia Kariakoo, maana ni jirani.

Mkitakiwa kukadiria watu walioko Kariakoo saa hii, hamtahesabu kila kichwa. Mtachagua mitaa michache, mtahesabu, kisha mtazidisha. Lakini mkichagua Mtaa wa Kongo peke yake, tena mkesha wa Idi, mtapata watu wengi mno. Mkichagua vichochoro vitupu, mtapata wachache mno. Basi yafaa mitaa yenu iachane kwa nafasi sawa, mwenye msongamano na usio nao.

Ndivyo wafanyavyo wataalamu wetu wa wanyamapori. Ndege ndogo hupita chini chini, kwa mistari iliyoachana kwa umbali uliopimwa. Fito mbili hufungwa kwenye mhimili wa bawa, na mtazamaji huhesabu wanyama waonekanao kati ya fito hizo tu. Kundi kubwa hupigwa picha, likahesabiwe tena mezani. Kama sehemu iliyotazamwa ni moja ya kumi ya pori, jumla huzidishwa kwa 10.

Hapo ndipo penye hatari. Mtazamaji akisinzia, tembo 20 wakampita, karatasini wamepotea 200. Na waliojificha chini ya miombo hawaitiki majina. Ndiyo maana makadirio ya haki hutajwa pamoja na kiasi yanachoweza kuzidi au kupungua.

Je, basi hayana faida? Sikilizeni. Mwaka 1976, tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka walikadiriwa kuwa kama 109,000. Mwaka 2013 walikadiriwa 13,084. Ndugu zangu, hakuna usingizi wa mtazamaji uwezao kumeza tembo zaidi ya 90,000! Na mizoga nayo ilionekana kutoka angani, ikahesabiwa. Mwaka 2014 UNESCO ikaitia Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Novemba 2013, mwaka ule ule wa hesabu, vipande zaidi ya 700 vya meno ya tembo vilikamatwa katika nyumba moja Mikocheni, mwendo mfupi tu kutoka ukumbi huu. Hivyo havikuhitaji ndege wala kuzidisha. Vilihesabiwa kimoja kimoja.