Uzamivu wa Dawa Uanzie Wawi



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya uzamivu katika sayansi ya dawa. Nitaanza na kinyesi cha watoto, wanafunzi msicheke.

Ripoti iliyochapishwa mwaka 2014 ilieleza jaribio lililofanywa kwa watoto 480 wa skuli hapa Pemba, wengi wao wakiwa na minyoo ya mjeledi. Kidonge cha albendazoli, ambacho kila mzazi hapa anakijua, kilipotolewa peke yake kiliwaponya watoto wasiotimia 3 katika kila 100. Kilipotolewa pamoja na oksanteli, dawa iliyozoeleka kwa wanyama, walipona 31. Mwaka 2023 ikatoka ripoti nyingine kutoka kisiwani humu, na Mtanzania, Ndugu Emmanuel Mrimi, ndiye aliyetangulia katika orodha ya waandishi wake. Humo emodepsidi, ambayo nayo ni dawa ya wanyama, iliwaponya watu wazima 85 katika kila 100 kwa miligramu 5 tu.

Uzamivu ndio huo. Mtu huzamia swali moja, kwa miaka mitatu au zaidi, mpaka afike chini yake: kwa nini kidonge hiki kinaua mchango na kumwacha mjeledi?

Mmoja wa waliofanya kazi ile ya kwanza alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Sisemi kwa husuda. Kazi yake imetufaa, na wataalamu wetu wa Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, wamo katika orodha ya waandishi. Hata hivyo, Pemba ilitoa ugonjwa, wagonjwa na mahali pa kazi, na shahada ikatolewa Basel. Anayetoa shahada ndiye pia anayechagua swali.

Yapo maswali ambayo Basel haina haraka nayo. Vidonge vinavyokaa miezi katika kituo cha afya chenye joto na unyevu wa pwani vinabaki na nguvu kiasi gani? Na karafuu je? Hapo hapo Wawi pana kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo. Ndani ya mafuta hayo mna eujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Sisi tunauza mafuta, kisha tunanunua dawa.

Najua kijana wetu aliyehitimu famasia anavyojibu: miaka mitatu nile nini? Hana kosa. Duka la dawa humlipa mwisho wa mwezi, na tasnifu hailipi. Sisi wa Chama tumezoea kuhesabu madarasa yaliyojengwa, na kijana huyu hatumhesabu popote.

Ombi langu ni dogo. Serikali ya Mapinduzi igharimie nafasi mbili tu za uzamivu wa dawa kwa vijana wa Pemba. Usimamizi utoke Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambacho kina skuli ya famasia. Kazi ya maabara ifanyike Wawi kwa kadiri vifaa vinavyoruhusu, na swali la utafiti litoke katika vituo vya afya vya Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Mwalimu wa kemia aliyeketi mstari wa mbele anaweza kuanza kesho asubuhi kuwataja wanafunzi wanaofaa.