Mshiko wa Bafuni Usiwe Mtego



Leo tunazungumza juu ya usalama wa wazee wetu wanapooga. Huku kwetu milimani Upare, mabafu mengi yako nje ya nyumba, kwenye mteremko. Masika yakianza, ardhi hulowa. Ukiongeza maji na sabuni, chini panateleza kama mlenda.

Tuwaeleze yaliyotupata. Bibi yetu alikuwa na miguu dhaifu. Tukataka kumsaidia. Tukachukua ubao, tukaupigilia misumari kwenye ukuta wa bafu ili ajishikie. Ukuta wenyewe ni wa miti na udongo. Siku ya tatu bibi aliteleza, akaushika ubao kwa uzito wake wote. Misumari ikachomoka pamoja na udongo. Bibi akaanguka, akavunjika nyonga. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, ndipo tukapata gari la kumpeleka hospitali Same.

Kosa letu lilikuwa nini? Zamani bibi alikwenda bafuni kwa hadhari. Tulipomwekea ubao, aliuamini. Basi mshiko dhaifu ni hatari kuliko kukosa mshiko.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko Marekani kuna magari makubwa yenye kitanda, jiko na bafu, na watu husafiri wakiishi humo. Kuta zake ni nyembamba. Fundi wa huko hafungi mshiko kwenye ukuta mtupu. Hutafuta kwanza mhimili imara ndani yake. Nasi tufanye hivyo.

Kwanza, tusitegemee ukuta wa udongo wala bati. Tuchimbe mashimo mawili, kila moja kina cha sentimita 60. Tusimamishe nguzo ngumu, tushindilie kwa mawe au zege.

Pili, kati ya nguzo hizo tufunge bomba la chuma lenye unene wa kama sentimita 4, ili kiganja kilizunguke vizuri. Tutumie bolti na nati zinazopenya nguzo, siyo misumari. Ncha kali tuzifunike.

Tatu, mshiko uwe usawa wa kiuno, kama sentimita 85 kutoka chini. Mzee mwenyewe asimame atuonyeshe. Kati ya bomba na ukuta tuache sentimita 4. Vidole vitapita, lakini mkono hautanasa.

Nne, chini tuweke zege lenye mikwaruzo, na mfereji wa kutoa maji.

Tano, kabla mzee hajatumia, watu wazima wawili wauvute mshiko kwa nguvu, kwenda chini na kuja kwao. Ukitikisika hata kidogo, kazi irudiwe. Kila mwezi tukague nati, kutu na mchwa.

Bibi yetu sasa anatembea kwa mkongojo. Bafu lake lina nguzo mbili, nasi huzivuta kila mwezi. Ndugu, leo jioni nenda bafuni kwenu. Kama pana mshiko, uvute wewe kabla mzee hajauvuta. Kinga ni bora kuliko tiba.