Tumbo Kufunguliwa au Matundu Madogo: Kikundi Kichangie Nini?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ikutha

Katika kikao kilichopita mlituuliza swali na tukaahidi kulijibu. Mwanakikundi akiambiwa ana saratani ya utumbo mpana na ni lazima apasuliwe, je, tuchange pesa nyingi akafanyiwe ule upasuaji wa matundu madogo, au akubali tumbo lifunguliwe kwa njia ya kawaida? Swali hili linatuuma sisi wenyewe, kwa maana iko familia tuliyoishauri vibaya. Tutafika hapo.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Katika njia ya kawaida daktari anapasua tumbo katikati kwa mkato mrefu, anaingiza mikono, anakata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na tezi zilizo karibu, halafu anaunganisha ncha mbili zilizobaki. Katika njia ya matundu, tumbo linajazwa hewa ya kaboni ili liinuke kama hema. Kamera ndogo inaingizwa kwa tundu moja, vyombo virefu vyembamba kwa mengine mawili, matatu au manne, na daktari anafanya kazi akitazama televisheni. Lakini msidhani kwamba utumbo unatokea kwa tundu la ukubwa wa kifungo. Mwishowe ni lazima mkato mmoja upanuliwe kidogo ili kile kipande kitolewe. Kwa njia zote mbili mgonjwa analazwa usingizi kabisa, na kinachokatwa ndani ni kile kile. Tofauti iko kwenye mlango wa kuingilia.

Njia hii ilipoanza kutumiwa kwa saratani ya utumbo, miaka ya tisini mwanzoni, madaktari wengi waliiogopa. Walihofu kwamba mbegu za saratani zingebaki kwenye yale matundu na kuota hapo. Basi huko Marekani hospitali 48 zikaungana, zikawagawa wagonjwa 872 kwa kura, wengine njia hii, wengine ile. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwa wagonjwa 16 katika kila 100 waliopasuliwa kwa matundu, na 18 katika kila 100 waliofunguliwa tumbo. Tofauti ndogo hivyo wataalamu hawaihesabu kuwa tofauti. Waliotobolewa walikaa hospitali siku 5, wenzao siku 6. Na jambo ambalo watu hawaambiwi: karibu 21 katika kila 100 walioanza kwa matundu ilibidi wafunguliwe tumbo papo hapo, kwa sababu kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa hiyo matundu hayana faida? La, yanayo. Maumivu ni machache, kidonda hakioti usaha kwa urahisi, na mgonjwa anaanza kutembea na kula mapema. Na hapa kwetu iko faida nyingine ambayo hao Wamarekani hawakuipima, yaani mtungi wa maji. Mama aliyefunguliwa tumbo haruhusiwi kubeba mtungi wa lita 20 kwa wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au mitatu, la sivyo mshono wa ndani unaachia na anapata ngiri. Aliyetobolewa anarudia kazi mapema zaidi, ingawa naye ni lazima angoje daktari aseme. Ninyi mnajua wiki hizo ni nini wakati wa kiangazi, maji yakiwa yanachotwa kwenye mashimo ya mchangani mtoni na punda mwenyewe amekonda.

Sasa tufikie ile familia. Mama wa kikundi kimoja alipimwa akakutwa na uvimbe utumboni. Alipewa tarehe ya kupasuliwa kwa njia ya kawaida. Jamaa mmoja akasikia habari za matundu Nairobi, na sisi tukaona ni vyema, tukasema ngojeni tufanye harambee. Mbuzi waliuzwa, bei ikawa mbaya, harambee ikaahirishwa mara mbili. Miezi minne ikapita. Siku moja tumbo likafura, choo kikafunga kabisa, akapasuliwa usiku kwa dharura, mkato mrefu ule ule tuliokuwa tunaukwepa. Tena alitoka na mfuko wa kinyesi ubavuni, kwa sababu utumbo uliovimba hivyo daktari hakuthubutu kuuunganisha siku hiyo. Tulikuwa na nia njema. Lakini ile tarehe ya kwanza ingetosha.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukifikiri hivi. Matundu yanampa mgonjwa wiki kadhaa za nafuu, na wiki ni kitu ambacho kikundi kinaweza kumpa. Tumezoea mwethya wa kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga. Je, tunashindwa na mwethya wa kumtekea mwenzetu maji na kumpalilia kwa miezi mitatu? Bali muda ambao saratani imeutumia kukua, hakuna mchango unaoununua.

Basi hospitali yenye daktari aliyezoea matundu ikiwa karibu, na nafasi iko, na bima inalipa, mwacheni achague. Mwulizeni daktari bila woga: umewafanyia wangapi? Uvimbe huu unafaa njia hiyo? Kama utumbo umeziba, au saratani imeshika viungo vingine, au mtu ana makovu ya upasuaji wa zamani, mara nyingi atasema ni heri kufungua. Na kama tarehe ya karibu ni ya kufunguliwa tumbo, aende. Pesa zenu ziwekwe kwa nauli, chakula cha anayemwuguza, na kumrudisha kliniki baadaye, kwa maana wengine watahitaji dawa kali za saratani. Kila mwanakikundi ahakikishe amejiandikisha SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imeshika nafasi ya NHIF.

Tena tusikae miezi tukimeza dawa za amiba na bawasiri. Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki tatu na zaidi, kukonda, uchovu wa kuishiwa damu: hayo yanataka kipimo cha kamera. Siku hizi lami inapita hapa Ikutha, Kibwezi upande huu na Kitui upande ule.

Wenye maswali juu ya mfuko wa kinyesi wabaki baada ya chai. Yule mama tuliyemtaja yuko hapa, mfuko ulishaondolewa, na amekubali kuongea nanyi, akina mama kwanza peke yao.