Filamu Mpya Itazamwe Wapi Kwanza?



Kutoka Ukumbi huu wa Nkrumah wa chuo chetu hadi maduka ya Mlimani City mtu anakwenda kwa miguu. Pale, kwenye ardhi ya chuo hiki hiki, kuna sinema inayoleta filamu za Marekani na India zikiwa bado za moto. Mwezi uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili ni wangapi wamewahi kuingia humo. Mikono iliyonyooka ilikuwa michache, niliihesabu bila kugeuza shingo. Nikauliza tena: ni nani ametazama filamu yoyote ndani ya wiki hii? Darasa zima likanyoosha mkono. Wametazama kitandani, kwenye simu, masikio yakiwa yamezibwa barabara kwa spika za masikioni. Binti mmoja akanieleza kwamba chumbani kwao wanalala wanne, na usiku ule kila mmoja alikuwa na filamu yake. Vitanda vinne, filamu nne, na asubuhi hakuna aliyekuwa na la kumsimulia mwenzake.

Jibu la binti yule ndilo lililonileta hapa leo. Watu hudhani mtu wa sinema atakuja kulilia ukubwa wa kioo. Kioo kikubwa nakipenda, lakini hoja yangu ni nyingine. Ninataka tuulizane ni nani amekaa kando yetu filamu inapoanza.

Pwani yetu ililijua jambo hili mapema sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Hassan Adamji Jariwalla alikuwa akionyesha picha Unguja ndani ya hema, kisha likaja jengo ambalo watu walilibandika jina la Sinema ya Bati. Ninasema picha kwa sababu wazee wetu hawakusema filamu: walikwenda kuangalia picha. Miji ilipokua, majumba yakaongezeka. Hapa Dar es Salaam palikuwa na Empire, Avalon, Odeon na Empress. Unguja kulikuwa na Majestic, iliyosimama mahali pa jumba la awali lililoungua.

Mkanda mmoja wa filamu mpya uliweza kutumika majumba zaidi ya moja kwa usiku mmoja. Jumba la kwanza lilianza mapema, la pili likachelewa makusudi. Kipande cha kwanza kikimalizika, kijana wa baiskeli alikipakia na kukikimbiza jumba la pili, kisha akarudi kuchukua kinachofuata. Akichelewa njiani, watu walikaa gizani wakipiga miluzi. Fikirini maana yake: mji mzima ulikuwa ukitazama hadithi moja usiku mmoja, ikipita mtaa kwa mtaa juu ya magurudumu mawili. Kesho yake sokoni, shuleni na kwenye baraza za kahawa, mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Awara ya Raj Kapoor ilipofika kwetu miaka ya 1950, watu wasiojua Kihindi hata neno moja walizibeba nyimbo zake vichwani mpaka uzeeni.

Wanawake nao walikuwa na zamu zao. Kulikuwa na maonyesho ya zanana, wanawake tupu na watoto wao, na kwa wengi wao yalikuwa ruhusa adimu ya kutoka nje, kuvaa, kunukia na kucheka kwa sauti pasipo kulaumiwa. Mama yangu mzazi alinisimulia zanana hizo kwa furaha kuliko alivyonisimulia harusi yake. Alikumbuka nani alilia, nani alizimia, na nani aliyesimama kumkaripia mama mkwe wa kwenye picha kana kwamba anamsikia. Jina la filamu yenyewe alikuwa amelisahau.

Sasa, nani aliyaua majumba hayo? Jibu rahisi ni simu na intaneti, na ni jibu lisilo kweli. Majumba yetu mengi yalikufa kabla hata ya neno intaneti kutamkwa mtaani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Kwa hiyo hata runinga haiwezi kubeba lawama yote. Miaka ya 1970 serikali iliishika biashara ya kuingiza na kusambaza filamu. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, filamu mpya zikawa haziji, na zilizokuja zilikuwa zimechanika na kuungwa hadi hadithi haieleweki. Wakati huo huo jamaa zetu waliokuwa Dubai na Oman walirudi na deki za video na kanda za VHS. Mwenye deki aliweka mkeka sebuleni, majirani wakaja na senti zao. Watu walizikimbia kumbi kwa sababu kumbi ziliacha kuwapa kipya, na kipya wakakikuta kwa jirani.

Na mimi sitaki kuisimanga sebule. Sinema zetu zilikuwa mjini tu. Mtu wa Namtumbo au Kibondo hakuwahi kuulizwa kama anapenda ukumbi au nyumba. Aliona filamu siku gari la serikali la sinema lilipopita, au hakuona kabisa. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962, aliigiza katika Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wengi waliomwona vijijini walimwona kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanjani. Leo mama mwenye kichanga, mzee asiyeweza ngazi, muuguzi anayetoka zamu saa sita usiku, hao nyumbani ndiko kunakowafaa. Anayewaambia waende ukumbini hajakaa nao.

Tena sebule imetuzalia tasnia nzima. Filamu zetu za miaka ya 2000, hizi tunazoziita Bongo Movie, zilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kanda, kisha VCD, kisha DVD, na ni chache sana zilizopita ukumbini. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika Leaders Club kumuaga ulikuwa wa watu waliomjua kutoka sebuleni kwao. Kila mmoja alikuwa amelia naye nyumbani kwake, na siku ile wakagundua kwamba walikuwa maelfu. Huwa naikumbuka siku ile kila ninapomsikia mtu akidai kwamba filamu ya nyumbani haijengi umma. Inajenga. Lakini umma ule haukuwa na mahali pa kukutana mpaka ulipokutana msibani, na hilo linaniuma hadi leo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito. Mahali filamu inapotazamwa hurudi kuiumba filamu yenyewe. Wasambazaji wa DVD walitaka hadithi moja iuzwe mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa hiyo waandishi wakairefusha. Gari linaingia getini, linaegeshwa, mtu anashuka, anatembea hadi mlangoni, anabisha hodi, anakaribishwa, analetewa juisi, ndipo mazungumzo yanaanza. Tuliyaona hayo na wengine wakawacheka watengenezaji wetu. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipwa. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule ikajaa sebule: makochi, mapazia, watu wawili wakigombana wamekaa. Mwigizaji alilazimika kusema kila kitu kwa mdomo, kwa kuwa mtazamaji alikuwa akisonga ugali huku akisikiliza.

Siku hizi filamu hukaa kwenye programu za simu, na hapo umbo linabadilika tena. Mtengenezaji anajua kwamba kidole cha mtazamaji kiko juu ya kioo. Dakika tano za ukimya zitamkimbiza. Basi bunduki inalia mwanzoni, na siri inafichuliwa kabla hatujampenda mwenye siri.

Linganisheni na Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmini amekimbia ndoa ya kulazimishwa, Denge anapigania uhuru. Niliiona kwanza ukumbini. Vivuli vyake vinataka giza, na ukimya wake unataka watu walionyamaza pamoja nawe. Baadaye niliitazama tena kwenye kompyuta yangu mezani. Filamu ni ile ile, lakini nilisimama mara tatu: kupokea simu, kufungua mlango, kunywa maji. Nilipomaliza nilikuwa nimeikagua tu. Ukumbini ilikuwa imenishika.

Nguvu ya ukumbi ni kwamba huna kitufe cha kuisimamisha. Umejikabidhi. Mtoto aliye mstari wa mbele anaamini kwamba steringi hafi, na wewe unayejua kwamba safari hii atakufa unamhurumia yule mtoto kuliko unavyomhurumia steringi. Hili huwezi kulipata peke yako, hata ukinunua runinga inayofunika ukuta.

Wenzetu wa nchi tajiri walijaribu kuupita ukumbi na kutazama filamu mpya nyumbani, tena kwa lazima. Mwaka 2020 kumbi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO, kampuni ya Universal ilipeleka Trolls World Tour moja kwa moja majumbani, na Warner Bros ikatangaza kwamba filamu zake zote za 2021 Marekani zingetoka ukumbini na nyumbani siku moja. Wengi walisema sinema imekwisha. Julai 2023 Barbie na Oppenheimer zikatoka siku moja, na foleni zikarudi. Kilichobadilika kwa kudumu ni muda wa kungoja. Zamani filamu ilikaa ukumbini takribani siku 90 kabla ya kwenda nyumbani, sasa nyingi hazikai hata nusu ya hapo.

Ila kwetu mrithi wa kweli wa Empire na Avalon hayuko Mlimani City. Yuko Manzese na Mbagala, kwenye kibanda umiza: mabenchi ya mbao, mabati juu, jasho, na runinga moja. Humo ndimo sanaa ya kutafsiri filamu ilimokomaa. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana mji mzima kwa jina la Lufufu, aliichukua filamu ya kigeni akaisimulia kwa Kiswahili, akawapa wahusika tabia za watu wa Temeke, akaongeza utani na mawaidha. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wanafanya hivyo kwa Kiganda. Na Likarion Wainaina katika Supa Modo ya mwaka 2018, pale kijiji kizima kinapojitolea kutengeneza filamu ili mtoto mgonjwa awe shujaa, alionyesha vizuri kuliko mhadhara wowote kwamba kwa watu wetu kutazama filamu ni kazi ya wengi.

Tumevitendea vibaya vibanda hivi. Tunavikumbuka siku ya msako. Ni kweli vina makosa: watoto wanaingia saa za shule, filamu zinaonyeshwa pasipo mwenyewe kulipwa hata shilingi. Basi vipewe leseni nafuu, viwekewe saa, na viunganishwe na watengenezaji wa filamu zetu, ili kila anayeketi kwenye benchi lile amlipe msanii kidogo. Mtu anayelipa shilingi mia tano kukaa kwenye joto lile amekwisha kututhibitishia kwamba anataka kutazama pamoja na wenzake. Manispaa zinazojenga masoko na stendi mpya zikitenga chumba kimoja chenye feni na kioo, hazitakuwa zimefilisika.

Msimamo wangu ni huu. Filamu ya zamani, ya kurudia, ya kujifunzia, itazamwe popote, hata kitandani. Filamu mpya ya watu wetu ianzie penye watu. Wiki chache zinatosha. Baada ya hapo iende kwenye ving'amuzi na simu, ikawafikie yule muuguzi na yule mzee, ikiwa tayari imeshazungumzwa mtaani.

Makamu Mkuu wa Chuo, nina ombi. Ukumbi huu una viti, una projekta, na ikifika saa moja na nusu jioni una giza la kutosha. Tupeni Jumamosi moja kila mwezi. Filamu iwe ya Kitanzania ambayo bado haijauzwa popote, mtengenezaji wake akae mstari wa mbele, kiingilio kisizidi nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, na fedha yote apewe yeye. Nimekwisha kuongea na watengenezaji wawili, na wote wawili wamekubali kuja.